Mkanda wa mgongo si dawa ya kiuno

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu mikanda ya mgongo inayouzwa mpaka stendi za mabasi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halikuishauri kama tiba ya kawaida. Lilipendekeza mazoezi ya mpangilio. Bado wagonjwa wanaambiwa wavae mkanda, walale, wasiiname. Matokeo yake misuli inalegea, viungo vinakakamaa, na mtu anaogopa hata kuokota kandambili.

Kwa maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, zoezi linalowafaa wengi ni hili. Lala kifudifudi kwenye mkeka (godoro laini linadidimia) dakika 2 au 3. Egemea viwiko kwa muda kama huo. Kisha weka viganja chini ya mabega, nyoosha mikono uinue kifua, ushuke. Mara 10, kila baada ya saa 2 au 3. Kosa kubwa ni kuinua nyonga pamoja na kifua: kiuno hakipindi inavyotakiwa, inabaki kazi ya mikono tu. Nyonga zibaki chini, makalio yalegee, na pumua.

Maumivu yakihama kutoka kigimbini yakapanda pajani, kisha kiunoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) wa New Zealand, alijenga njia yake juu ya dalili hiyo. Yakishuka zaidi mguuni, acha. Wazee wanaoumia wakitembea na kupata nafuu wakiinama, mara nyingi zoezi hili huwazidishia. Wao huvuta magoti kifuani.

Shingo je? Kaa wima, rudisha kidevu nyuma macho yakitazama mbele, mara 10. Wengi huinamisha kichwa, na hapo ndipo zoezi linapoharibika.

Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo vichunguzwe kabla ya zoezi lolote: kifua kikuu hushika pia pingili za mgongo.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Tanga