Nani anaona nini kwenye programu yako ya kusimamia miradi?

Mwaka jana mteja wetu mmoja, kampuni ya ushauri wa ujenzi, alitupigia simu akiwa na swali fupi: imekuwaje mkandarasi ayajue makadirio ya ndani ya kazi ambayo zabuni zake bado hazijafunguliwa? Kampuni hiyo inatumia Redmine, programu huria ya kusimamia miradi, ambayo sisi ndio tulioifunga kwenye seva yao na ndio tunaoihudumia. Makandarasi wana akaunti humo ili waone michoro na kazi walizopangiwa, na wahandisi huandika kwenye kazi hizohizo maelezo ya ndani ambayo mkandarasi hatakiwi kuyaona. Akifungua ukurasa wa kazi, kweli hayaoni. Tulitengeneza akaunti ya majaribio yenye nafasi ileile aliyopewa mkandarasi, tukauzunguka mfumo mzima, na jioni ya siku hiyo tukaipata njia. Programu-jalizi, yaani kipande cha ziada kinachoongezwa kwenye programu, ya kupakua orodha ya kazi kama jedwali ilikuwa ikitoa kila kitu, maelezo ya ndani yakiwemo, kwa yeyote aliyeingia kwenye mfumo kwa nywila yake halali. Programu-jalizi hiyo tuliiweka sisi wenyewe miaka miwili kabla, baada ya kujaribu kama inafanya kazi, lakini bila kujaribu kama inakataa.

Tulimweleza mteja jambo hilo lote siku ileile. Tangu hapo tumebadilisha namna tunavyofanya kazi, na tunaandika makala hii ili kila mteja wetu aelewe kasoro ya aina hii inatokeaje, kwa sababu haionekani kwa macho na wala haimhitaji mdukuzi hodari.

Watu wengi wakisikia usalama wa mfumo hufikiria nywila. Nywila hufanya kazi ya mlinzi wa getini: anakutambua, anakuandika kwenye daftari, anakuruhusu kuingia. Hajui ukishafika ndani una haki ya kufungua kabati gani. Kuamua hilo ni kazi nyingine kabisa, nayo inapaswa kufanywa upya kila mara mtu anapoomba kitu, si mara moja tu pale getini. Shirika la OWASP, ambalo huorodhesha udhaifu mkubwa wa programu za wavuti, liliweka kasoro za udhibiti wa ufikiaji katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya mwaka 2021, baada ya kuwa ya tano mwaka 2017.

Sura yake iliyo rahisi kuliko zote ni namba iliyo kwenye anwani ya ukurasa. Kazi uliyopangiwa ina anwani inayoishia na 412, nawe ukibadilisha tarakimu ya mwisho iwe 413 unaomba kazi ya mtu mwingine. Mfumo mzuri utakukatalia. Mfumo mbovu utakuonyesha, kwa kuwa aliyeutengeneza alidhani kwamba mtu asiyeonyeshwa kiungo hawezi kukifikia. Hapo ndipo penye kosa lenyewe: kitufe kilichofichwa kwenye skrini hakijazuia chochote kwenye seva.

Redmine yenyewe inaikagua namba hiyo vizuri, na hatuna wasiwasi na ukurasa wake wa kazi. Tatizo la programu za kusimamia miradi ni kwamba taarifa moja hutokea mahali pengi. Kazi iliyoandikwa mara moja huonekana kwenye ukurasa wake, kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye kalenda, kwenye ripoti ya saa zilizotumika, kwenye historia ya mabadiliko, kwenye barua pepe za kukumbusha, kwenye faili la kupakua, na kwenye API ambayo programu nyingine huitumia kuchota taarifa. Kila mahali hapo ni mlango wake, na kila mlango unahitaji ukaguzi wake. Ukisahaulika mmoja, ule ukaguzi wa milango mingine haukusaidii.

Historia ya Redmine inaonyesha jambo hili waziwazi. Kasoro iliyosajiliwa kwa namba CVE-2017-16804 (CVE ni orodha ya umma ya kasoro za programu) ilihusu barua pepe za kukumbusha: sehemu iliyozituma haikuangalia kama mpokeaji bado anaruhusiwa kuiona kazi anayokumbushwa, hivyo mtu aliyeondolewa ruhusa kwenye mfumo angeweza kusoma habari za kazi hiyo kwenye sanduku lake la barua. Marekebisho yaliingia katika matoleo 3.2.7 na 3.3.4. Mwaka 2021 ziliwekwa wazi nyingine. Katika CVE-2021-30163 majina ya miradi ya faragha yaliweza kujulikana kupitia historia ya kazi iliyowahi kuhamishwa kutoka mradi mmoja kwenda mwingine, na katika CVE-2021-30164 mtu asiye na ruhusa ya kuandika maelezo aliweza kuyaandika kwa kupitia API, ingawa kwenye ukurasa wa kawaida alizuiwa. Zote mbili zilirekebishwa katika matoleo 4.0.8 na 4.1.2. Baadaye mwaka huohuo ikaja CVE-2021-42326, ambapo ukurasa wa shughuli uliweza kutaja majina ya watumiaji ambao msomaji hakupaswa kuwajua, nayo ikazibwa katika 4.1.5 na 4.2.3.

Mtu anaweza kusema kwamba jina la mradi si kitu. Kwa kampuni ya sheria, jina la mradi ni jina la mteja anayeshtakiwa. Kwa kampuni ya ujenzi, ni kiwanja ambacho bado hakijanunuliwa. Tunazitaja kasoro hizi bila nia ya kuichafua Redmine, kwa maana watunzaji wake huzitangaza na kuzirekebisha, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya sisi kuendelea kuitumia. Tunazitaja kwa sababu bado tunaitwa kwenye ofisi ambazo seva yake ina toleo la miaka mingi nyuma, na hakuna aliyeona haja ya kulisasisha kwa kuwa linafanya kazi.

Programu zinazokodishwa mtandaoni nazo hazijanusurika. Januari 2024 taarifa za watumiaji zaidi ya milioni 15 wa Trello, mojawapo ya programu hizo, zilitangazwa kuuzwa, na hakuna aliyevunja seva ya mtu. Mhusika alikuwa na orodha ndefu ya anwani za barua pepe. Akaiuliza API ya Trello anwani moja baada ya nyingine, nayo ikajibu kwa jina na akaunti ya kila aliyepatikana, bila kumtaka muulizaji ajitambulishe. Trello baadaye iliufunga mlango huo kwa wasiojitambulisha.

Nyakati nyingine programu haina kosa lolote, kosa liko kwenye mipangilio. Katika Redmine, mradi mpya huanza ukiwa wa wazi isipokuwa msimamizi abadilishe mpangilio huo, na kuna mpangilio wa pili unaoamua kama mtu lazima aingie kwa nywila kabla ya kuona chochote. Yote miwili ikiachwa ilivyokuja, mradi wako unaweza kusomwa na mtu yeyote aliye na intaneti, na mitambo ya utafutaji ikauweka kwenye matokeo yake. Tunawasihi wateja waiangalie mipangilio hii miwili leo hii, kabla ya kumaliza kusoma.

Turudi kwenye programu-jalizi iliyotuumiza. Anayeitengeneza programu-jalizi ya Redmine ndiye anayepaswa kuandika mstari unaosema: kabla ya kujibu, angalia kama mtu huyu ana ruhusa. Asipouandika, hakuna kinacholalamika. Ukurasa unafunguka, faili linapakuliwa, kila mtu anafurahi. Ipo pia tofauti kati ya kuiomba hifadhidata kazi zote halafu kuficha zisizoruhusiwa, na kuiomba tangu mwanzo zile tu ambazo mtu huyu anaruhusiwa kuziona. Njia ya kwanza humtegemea mtengenezaji akumbuke kuficha kila anapoongeza kitu kipya. Njia ya pili ndiyo tuliyoitumia kuiandika upya programu-jalizi ile, na ndiyo tunayoidai sasa kwa kila anayetutengenezea kitu.

Sehemu kubwa ya ukaguzi mnaweza kuufanya wenyewe bila sisi. Tengenezeni akaunti yenye ruhusa ndogo kuliko zote mnazotoa, ile ya mwanafunzi wa mafunzo kazini au ya mkandarasi, na muingie nayo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Nakilini viungo vya kazi, viambatisho na ripoti ambazo akaunti hiyo haipaswi kuziona, mkivibandika kimoja kimoja kwenye dirisha hilo. Andikeni kwenye kazi ya siri neno la ajabu ambalo halipo kwingine popote, kisha mlitafute kwa akaunti ndogo. Pakueni kila kinachopakulika, na mfungue mafaili yenyewe mkasome safu zote, maana skrini huonyesha safu chache kuliko faili. Viungo vya kufuatilia habari mpya vinahitaji uangalifu wa pekee: katika Redmine anwani ya kiungo hicho hubeba ufunguo wa mtumiaji, kwa hiyo anayekituma kwenye kundi la WhatsApp amewapa wenzake macho yake, bila nywila. Ufunguo huo hubadilishwa kwenye ukurasa wa akaunti, na akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka ikifungwa ufunguo wake nao hufa. Ndiyo maana tunasisitiza akaunti zifungwe siku mtu anapoondoka, si mwisho wa mwezi.

Kwa wateja wetu wa hapa Tanzania, jambo hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kuwa na mtaalamu wa nje kama sisi hakumwondolei wajibu huo. Programu ya miradi huonekana kama chombo cha kazi tu, kumbe ndani yake mna namba za simu za vibarua, nakala za vitambulisho, na maelezo ya likizo za ugonjwa.

Huduma tunayoitoa sasa huanza kwa mazungumzo. Tunakaa na mteja, tunaandika kwenye jedwali nafasi zote zilizopo na kila mlango ambao taarifa hutokea, na mteja mwenyewe ndiye anayesema nani aone nini. Kisha tunapita kila mlango kwa kila nafasi, tukiandika tulichokiona na si tulichokitarajia. Jedwali linabaki kwa mteja. Zoezi hurudiwa kila toleo linapobadilishwa na kila programu-jalizi inapoongezwa, na hatutawasha programu-jalizi ambayo haijapita, hata kama idara nzima inaisubiri.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kumrekebishia yule mteja. Alituuliza ni mara ngapi faili lile lilipakuliwa na akaunti za makandarasi katika miaka ile miwili. Seva ilikuwa inafuta kumbukumbu zake kila baada ya siku 14, kama tulivyoipanga sisi, kwa hiyo tulimwonyesha upakuaji wa wiki mbili za mwisho, na kwa siku zote zilizotangulia hatukuwa na cha kumwonyesha. Leo kumbukumbu za kila seva tunayoihudumia hunakiliwa kwenye mashine nyingine kila usiku na kutunzwa kwa mwaka mzima.