Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kupiga visahani vinavyorushwa hewani kwa bunduki kongwe na nzito, wazee wetu walezi na wageni waalikwa, namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo sote tukiwa wazima. Sisemi hivyo kwa mazoea. Nina sababu, nami nitaanza nayo, maana kuiweka mwishoni kungekuwa kama kuificha.

Mwezi Machi mwenzetu mmoja alileta uwanjani shotigani ya namba 12 aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mitutu yake ni ya kusokotwa, ile yenye michirizi kama mkeka, chuma laini na chuma kigumu vilivyosukwa na kufuliwa pamoja. Chemba yake ni ya milimita 65. Risasi alizonunua zilikuwa za milimita 70, zenye baruti ya kisasa. Ziliingia bila shida, na hapo ndipo penye mtego: urefu wa ganda hupimwa likiwa limekwisha kufunguka. Likilipuka, mdomo wake hukunjuka ukabana njia pale chemba inapoanza kuwa nyembamba, na nguvu ya baruti hupanda kuliko chuma kile kilivyotengenezwa kustahimili. Mlio wake haukuwa wa kawaida. Tulipofungua na kusafisha tukakuta mtutu wa kulia umevimba. Kwa macho huoni kitu, lakini ukipitisha kidole unausikia uvimbe, kama pete iliyokaa chini ya ngozi. Hakuna aliyeumia. Msimamizi wa siku hiyo nilikuwa mimi, na sikukagua risasi za mtu yeyote. Naomba radhi mbele yenu nyote.

Tangu wakati ule hakuna bunduki kongwe inayofika kwenye mstari wa kupigia kabla mtunza ghala hajaifungua, akapima chemba na kusoma mihuri iliyo chini ya mitutu, inayoonyesha mitutu ilijaribiwa kwa baruti gani. Nyingi za kwetu zilitengenezwa Birmingham, ambako nyumba ya kujaribia mitutu ilianzishwa mwaka 1813. Pasipokuwa na muhuri wa baruti ya kisasa, tunatumia baruti nyeusi peke yake. Palipo nao tunapima vilevile, kwa sababu kutu haisomi muhuri.

Wapo walionung'unika kwamba ukaguzi unakula asubuhi nzima. Niliwakumbusha jina la ghuba tuliyokuwa tukipigia pembeni yake, Ghuba ya Speke. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika hapa Mwanza mwezi Agosti 1858, akaliona ziwa hili na kulipa jina la malkia wake. Alizunguka na bunduki India na Afrika miaka mingi akarudi kwao salama. Tarehe 15 Septemba 1864, akiwa katika windo la kwale huko kwao Uingereza, alikuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe, shotigani yake mwenyewe ikafyatuka ikampiga ubavuni, akafa. Ukuta mfupi tu. Kwa hiyo anayetoka mstarini atoke bunduki ikiwa imekunjwa na chemba tupu, hata kama anakwenda kunywa maji hatua tano.

Sasa nije kwenye bunduki nzito zenyewe, ambazo ndizo zilizotukutanisha. Wanachama wapya hudhani namba ikiwa kubwa na mtutu ni mpana. Ni kinyume. Chukua ratili moja, karibu nusu kilo, ya madini ya risasi, igawe goroli nane zilizo sawa. Goroli moja kati ya hizo ndiyo inayoenea mtutu wa namba 8. Bunduki yetu ya namba hiyo hupakiwa wakia mbili za marisau, yaani punje ndogo za risasi, gramu 57 hivi, wakati wapiga visahani wa Olimpiki wanatumia gramu 24. W. W. Greener, fundi mashuhuri wa Birmingham, alikuwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau yake. Piga hesabu utapata karibu kilo tano na nusu, na ndivyo mizani yetu inavyosema.

Watu huogopa teke lake. Kwa kweli baruti nyeusi katika bunduki ya uzito huo haipigi bega, inalisukuma. Kazi iko kwenye kuigeuza. Dada yetu mpya kutoka Sengerema, ambaye siku hizi anavuka Daraja la Kigongo–Busisi badala ya kungoja kivuko, alikosa visahani saba mfululizo, kwa kuwa kila alipovuta triga alisimamisha mtutu. Mzee mmoja akamsogelea: "Mwanangu, usiibebe kwa mikono. Igeuze kwa kiuno, na ukishapiga endelea kugeuka." Cha nane nilikuwa nyuma yake. Moshi mweupe ulifunga kila kitu, hatukuona chochote, tukasikia vipande vikidondoka kwenye majani makavu. "Nimepata, mzee?" Upepo ulipousogeza moshi, vumbi jeusi lilikuwa bado linaelea hewani. Alilia, na sisi wengine tulikuwa karibu kulia.

Kuhusu visahani: tunaviita vya udongo kwa sababu vile vya Mmarekani George Ligowsky, mwaka 1880, vilikuwa vya udongo wa kuchoma. Hivi vya leo ni vya lami na unga wa chokaa, na vingine hutufikia vikiwa vimevunjika njiani kutoka Dar es Salaam. Hesabu anayo mhazini.

Limebaki suala la ufukwe. Kwa miaka mingi tulipiga kuelekea majini, kwa kuwa mbele hapakuwa na mtu na kisahani huonekana vizuri juu ya maji. Tulikosea. Bata maji humeza punje za risasi akidhani ni changarawe, firigisi inazisaga, na sumu inaingia mwilini taratibu mpaka anashindwa kuruka. Jiji hili linakunywa maji ya ziwa hilohilo. Marisau ya chuma hatuwezi kuyatumia kwenye mitutu hii laini, yataikwaruza. Ya bismathi, metali isiyo na sumu kama ya risasi, yanafaa, ila bei yake imetushinda. Ndiyo maana tumehamia shambani upande wa Kisesa. Tunapiga kuelekea shamba tupu, siyo kwenye mawe, kwani punje hudunda kwenye miamba. Mita 300 za mbele hazina mtu wala ng'ombe, na marisau makubwa tumeyakataza.

Lakini punje tulizomwaga kule ufukweni bado ni zetu. Naomba mkutano huu uidhinishe Jumamosi mbili za kuchekecha ule mchanga wa ukingoni. Makoleo na chekeche vitatoka ghalani, glavu atanunua mhazini. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya chakula, langu nimeshaliandika.