Tusishuke milima na nyutro

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na waendesha bodaboda wenzangu wa Malindi, pamoja na wale wanaotufundisha kuendesha kabla hatujapata leseni.

Mwezi wa Agosti tulitoka hapa vijana watano, kila mtu na pikipiki yake, tukaenda kutembea milima ya Taita. Njia ya moja kwa moja ingekuwa kuambaa mto Galana hadi Sala, lakini kutoka pale unaingia Tsavo Mashariki, na pikipiki haziruhusiwi mbugani. Tukashika ya Kilifi, tukakata Mavueni, Kaloleni, tukatokea Mariakani na kufuata barabara kuu ya Nairobi na malori yake. Tukalala Voi.

Asubuhi tukapita Mwatate, na baada ya mashamba ya mkonge barabara ikaanza kujikunja. Kupanda hakukutusumbua. Unatia gia ya pili, pengine ya kwanza kwenye kona kali, na injini inavuta. Kilichotusumbua ni baridi. Sisi tuliozaliwa na joto la pwani vidole vilitukakamaa juu ya klachi. Lakini Wundanyi ilitulipa: jiwe la Wesu limesimama juu ya mji, na siku ya pili ukungu ulipofunguka tukaiona milingoti ya kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya bahari ile tunayoogea sisi kila Ijumaa.

Shida ilikuja tuliposhuka. Mwenzetu mmoja alizima injini, akatia nyutro, yaani akaitoa kwenye gia, akaiachia pikipiki. Simlaumu, maana ndivyo tunavyofanya wengi wetu hapa nyumbani kuokoa mafuta. Mteremko tuliouzoea ni ule wa kushukia daraja la Sabaki. Kabla hujafikiria breki, umeshamalizika. Wa Wundanyi hauishi. Kona inafuata kona, na yeye muda wote mguu uko juu ya breki. Mimi niliyekuwa nyuma yake nilianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni lori. Kisha nikamwona anakanyaga na kukanyaga, pikipiki haipungui. Akabana breki ya mbele ghafla katikati ya kona, gurudumu likateleza kwenye mchanga, akaanguka mtaroni. Mungu ni mkubwa, ulikuwa upande wa mlima, si upande wa bonde.

Alichubuka goti na kiwiko. Sisi, kwa kutojua, tukakimbilia chupa ya maji tumwagie gurudumu la nyuma lililokuwa linafuka moshi. Mzee mmoja wa pale, mwendesha boda kama sisi, alikuwa anashuka na magunia mawili ya kabichi. Akasimama, akapaza sauti: "Msimwagie maji, wanangu, chuma hicho kitapasuka!" Akatukalisha nusu saa hadi pakapoa. Akatuuliza tulipanda na gia gani. Tukamwambia ya pili. "Basi shukeni na hiyo hiyo," akasema, akatangulia.

Nilimfuata mzee yule hadi chini nikiangalia taa yake ya breki. Iliwaka kabla ya kona, ikazimika upesi, kisha kwa muda mrefu ilikaa imezimwa huku injini inanguruma na kuushika mzigo. Hilo ndilo ninalotaka wenzangu walielewe. Pikipiki ikiwa kwenye gia, injini yenyewe inalizuia gurudumu lisikimbie. Ukitia nyutro, uzito wote wako, wa abiria na wa mzigo unaiangukia breki peke yake, inapata moto, na breki iliyopata moto haishiki tena hata ukiikanyaga kwa miguu yote miwili. Mafuta unayookoa ni machache mno kuyalinganisha na hilo.

Nilipojifunza mimi, tulizunguka kiwanja tambarare, tukafundishwa alama za barabarani na kofia ngumu. Mteremko haukutajwa hata siku moja. Najua kuna watakaosema Malindi haina milima. Lakini leseni ninayopewa Malindi inanifikisha Wundanyi, Timboroa na kokote nchini, na vijana wetu wanakwenda, kwa harusi, kwa matanga, na kwa kutembea kama tulivyokwenda sisi. Somo la gia za kushukia halichukui hata asubuhi nzima. Walimu waliweke, na anayetahiniwa aulizwe.

Wanaosimamia barabara nao wangeweka kibao pale juu, kabla mteremko haujaanza, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: TUMIA GIA NDOGO. Mimi nilipita pale mara mbili, kupanda na kushuka, na sikukiona.

Kofia ya mwenzetu ilipata ufa mrefu juu ya sikio la kushoto. Tumeitundika kwenye steji yetu, Maweni. Anayetaka kuiona na aje; mimi nipo pale kila siku tangu saa kumi na mbili asubuhi, na nitamwonyesha, pikipiki ikiwa imesimama, jinsi ya kushuka na gia.

Mwendesha bodaboda,
Maweni, Malindi