Barua ya wazi kwa mabinti wanaopika huku wanalea

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaopika kwenye korido za nyumba za kupanga, barazani na kwenye vibanda vya mama lishe. Nawaandikia pia ninyi dada wa kazi, mnaoachiwa mtoto na sufuria kwa wakati mmoja. Na bibi wenzangu nao wasome, maana mtoto akiungua sisi ndio tunaoulizwa kwanza apakwe nini. Jibu ni kwamba hapakwi kitu. Anamwagiwa maji, na sharti yaanze kabla ya mtu kukimbilia kabatini au barabarani kutafuta bodaboda.

Mtoto wa chini ya miaka mitano haunguzwi sana na ndimi za moto. Anaunguzwa na vya kumwagika: chai, uji, maharage, maji ya kuoga, mafuta ya maandazi. Ngozi yake ni nyembamba kuliko yenu, kwa hiyo maji ya nyuzi 60 humchoma kwa kina ndani ya sekunde chache tu, na chai inayoepuliwa jikoni ni ya moto kuliko hapo. Chai iliyokwisha kumiminwa kikombeni huweza kumuunguza hata baada ya dakika 15. Uji ni mbaya zaidi, kwa sababu chai hutiririka ikaanguka chini, lakini uji hung'ang'ania ngozini na kuendelea kuunguza.

Tazameni mahali jiko lilipo. Jiko la mkaa likikaa sakafuni, mdomo wa sufuria unalingana na kifua cha mtoto anayejifunza kutembea. Akijikwaa hapo, anaangukia ndani. Lijengeeni kilili cha matofali cha kimo cha kiuno chenu, kipana kiasi kwamba jiko halitikisiki, na sufuria ikae nyuma, mbali na ukingo. Pasipojengeka, wekeni kizuizi mlangoni, au mtoto akae na mtu ambaye kazi yake saa hiyo ni mtoto peke yake. Jioni ndiyo saa ya kuangalia zaidi, na mwezi wa Ramadhani saa ya mwisho kabla ya futari: majiko mawili matatu yanawaka, mafuta yako karaini, watoto wana njaa na wanazunguka miguuni.

Sufuria zetu hazina mikono. Tunaziepua kwa ncha ya kanga, na kanga ikilowa hupitisha joto upesi hata mtu akaiachia sufuria bila kutaka. Tumieni vitambaa viwili vizito, vikavu. Msiipitishe sufuria ya moto koridoni. Pelekeni sahani kwenye sufuria. Usimimine chai huku umempakata mtoto, na kitambaa cha meza kisining'inie pale penye chupa ya chai, maana atakivuta.

Maji ya kuoga yana utaratibu wake: baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, koroga, kisha pima kwa kiwiko. Kiganja cha mpishi kimezoea joto, hakifai kupimia. Ndoo ya maji yanayochemka isiachwe sakafuni hata kwa muda wa kufuata taulo.

Mkaa uliotolewa jikoni huonekana jivu tupu juu huku ndani ukiwaka. Watoto huukanyaga. Umwagieni maji mpaka uache kutoa mvuke. Kibatari au mshumaa usiwe karibu na chandarua, wala taa ya mafuta isijazwe ikiwa inawaka. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hulipuka, kwa hiyo msinunue kwa mtu msiyemwamini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini: mkisikia harufu yake, fungeni mtungi, fungueni milango, msiguse swichi yoyote, wala msitafute kunakovuja kwa kiberiti. Pakeni povu la sabuni kwenye mpira na kichwa cha mtungi. Litakapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kwa Tanzania, zimamoto ni namba 114. Na ninyi mnaotengeneza sabuni, kostiki soda isitiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Kamwe.

Sasa, ameungua.

Kama nguo inawaka, mlazeni chini, mfunikeni kwa blanketi zito au mbiringisheni. Akikimbia moto unapanda usoni. Nguo iliyolowa maji ya moto au uji ivuliwe mara moja, na nepi pia, kwa sababu nepi hushika maji ya moto na kuyabakiza mwilini. Iliyoganda kwenye ngozi msiivute. Kateni kitambaa pembeni yake. Vueni bangili, shanga za kiunoni, uzi wa hirizi na viatu, hata kama sehemu hiyo haijaungua sana. Baada ya muda mfupi itavimba, na uzi mwembamba unaweza kuzuia damu isifike kwenye vidole.

Kisha maji ya bomba, ya baridi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Angalieni saa, maana mtoto akilia dakika tatu huonekana saa nzima. Pasipo na bomba, ndoo ya lita 20 inatosha ukimwaga kwa kata taratibu, lita moja kwa kila dakika, na maji mkiyakinga kwenye beseni safi mnaweza kuyarudia yakiwa bado ya baridi. Moto ukiondoka juu, joto linabaki ndani ya ngozi likiendelea kuiharibu, na maji ndiyo yanayolitoa. Mtoto akicheleweshwa, maji bado yana faida mpaka saa tatu tangu alipoungua. Barafu haifai: hukaza mishipa ya damu na kuumiza ngozi ambayo ingepona. Mwagieni jeraha tu, mwili uliobaki ufunikwe kwa khanga kavu, kwa sababu mtoto mdogo hupoa haraka. Akianza kutetemeka au kulegea, acheni maji, mpasheni joto, ondokeni.

Dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano, asali, mafuta ya kupikia, jivu, mkojo, samli, na hata ile GV ya bluu, dawa ya rangi ya kupaka vidonda: vyote hivyo viacheni. Vingine hufungia joto ndani, vingine huingiza vijidudu kwenye ngozi iliyo wazi, na vyote huficha kina cha jeraha. Daktari atalazimika kuvikwangua ndipo aone, na maumivu ya kukwanguliwa ni ya mtoto. Malengelenge msiyapasue.

Mkimaliza maji, funikeni kwa plastiki safi ya kufungia chakula, iliyotandazwa juu ya jeraha bila kuzungushwa. Kiganja kiingizwe ndani ya mfuko safi wa plastiki. Kama hakuna plastiki, khanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inafaa. Pamba hapana, nyuzi zake hunasa. Mpeni parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 150, ambayo ni kama mililita 6 za ile ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Someni chupa yenu kwanza, maana nguvu hutofautiana. Kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe.

Kostiki na maji ya betri vinataka maji kwa muda mrefu zaidi, hadi saa nzima. Unga wa kostiki ukung'utwe kwanza ukiwa mkavu. Aliyemeza asitapishwe. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla ya kuzima swichi kuu, na hospitali aende hata kama mnaona kitundu kidogo tu kidoleni, kwa kuwa umeme huunguza misuli ndani na kuvuruga mapigo ya moyo.

Mtoto mwenye kifafa akiangukia motoni, mtoeni. Bado kuna watu wanaosimama pembeni wakiogopa povu lake. Povu la kifafa haliambukizi. Mtoto huyo anywe dawa zake kila siku bila kuruka, na asiachwe peke yake karibu na jiko.

Kipimo cha ukubwa wa jeraha mnacho tayari: kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Jeraha la viganja kumi au zaidi linahitaji dripu, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Saa za kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima, anaongea, anaomba maji. Wakati huohuo mishipa yake inavujisha maji ya damu kwenda kwenye jeraha na nyama za mwili. Baadaye mikono inakuwa baridi, mkojo unapungua, anasinzia, na hapo mmechelewa. Daktari atapiga hesabu: mililita 3, mara kilo za mtoto, mara asilimia iliyoungua. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 anahitaji mililita 540, juu ya maji yake ya kawaida ya siku, na nusu yake iingie ndani ya saa nane za mwanzo. Saa hizo nane huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipopokelewa. Ndiyo maana nawasihi muandike saa, hata kwa kalamu mkononi mwenu. Njia ikiwa ndefu na mtoto yuko macho, hatapiki, mnyonyesheni au mpeni ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya paketi, kidogo kidogo. Maji matupu mengi humpunguzia chumvi mwilini.

Hata jeraha dogo linakwenda hospitali likiwa usoni, mkononi, mguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Likizunguka mkono au mguu mzima. Mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Au akiwa amevuta moshi, sauti imekauka na masizi yako puani. Huyu wa moshi asisubiri hata kidogo, koo huvimba. Na jeraha jeupe au gumu kama ngozi ya ngoma, ambalo halimuumi, ndilo la kina kuliko yote. Msifurahie ukimya wake.

Chukueni kadi ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga ya pepopunda, na muuguzi atataka kujua kama zilikamilika. Mkiwa mmerudi nyumbani, katika siku za kwanza mtoto akipata homa, vipele, kutapika, kuharisha au kulegea, rudini siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Apimwe malaria, sawa, lakini semeni wazi kwamba ameungua, kwa sababu sumu ya vijidudu vya jeraha inaweza kumuua akiwa anatibiwa homa nyingine.

Kuna jambo moja gumu, nami sitalipita. Wapo watoto wanaochomwa vidole kwa sababu wamedokoa nyama au wameiba shilingi mia mbili, na wapo wanaotumbukizwa miguu kwenye maji ya moto. Jeraha la namna hiyo lina mpaka ulionyooka kama soksi, na wauguzi wanalitambua. Hiyo si adabu, ni jinai. Jirani anayejua na kunyamaza anamwacha mtoto huyo peke yake.

Sasa kupona. Mpeni mayai, maziwa, dagaa, samaki, maharage, kila siku. Mwili ulioungua unakula kuliko kawaida ili ujenge ngozi, na kumnyima mayai kwa kudhani yataleta usaha ni kumchelewesha. Jeraha la juu hufunga ndani ya wiki mbili hivi. Likifika siku ya 21 bado liko wazi, ulizeni habari ya kupandikiza ngozi. Msiendelee kubadilisha bandeji miezi mitatu kwa matumaini.

Ngozi inapofunga hujivuta. Mtoto kwa maumivu hukunja kiungo, na mkao anaoupenda ndio utakaomlemaza. Aliyeungua shingo alale bila mto, na taulo lililokunjwa liwekwe chini ya mabega ili kidevu kiinuke. Kwapa likiungua, mkono ulale mbali na ubavu, umenyooka kwenda pembeni. Kiwiko na goti vinyooshwe, usiku vifungwe banzi. Vidole vifungwe kimoja kimoja, shashi katikati, la sivyo vitashikana. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, mara kadhaa kila siku, kama nusu saa baada ya kupewa dawa ya maumivu. Atalia. Endeleeni kwa upole, mkimwimbia, mkimchezesha mpira.

Kovu jipya likandwe kwa mafuta yasiyo na manukato kama vaselini, likingwe na jua, na kama linawasha hata halali, ombeni dawa ya mwasho. Huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili. Lakini kovu halirefuki kama mtoto anavyorefuka, kwa hiyo kiungo kilichokuwa sawa akiwa na miaka mitatu kinaweza kukaza akiwa na miaka saba. Kila anapoongezeka kimo, mwambieni anyooshe mkono hadi juu, afungue vidole vyote, ageuze shingo pande zote mbili. Kikikaza, hata kama ni miaka mingi imepita, daktari wa upasuaji hospitali ya rufaa anaweza kukifungua. Mpelekeni.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu