Panipuri haianzii kwenye mkokoteni

Mhariri,

Kila panapozuka mjadala wa kumwezesha mwanamke nchini India, kamera humkimbilia mama anayeuza panipuri barabarani, yaani puri, vimkate vidogo vya kukaangwa vyenye uwazi ndani, vinavyojazwa maji yenye viungo. Hatumbezi. Lakini kazi kubwa hufanyika kwenye kibao cha kusukumia, ambako mara nyingi yuko mwanamke asiyehesabiwa.

Donge la puri ni vikombe 2 vya semolina laini, vijiko 4 vya unga wa ngano na chumvi. Maji hutiwa kidogo kidogo ili donge liwe gumu, likandwe dakika 10, kisha lifunikwe kwa kitambaa kibichi dakika 30. Likiachwa wazi hukauka juu, na puri yenye ngozi kavu haitutumki. Ikisukumwa nene hututumka kweli, ila ikipoa inalegea, na puri iliyolegea haibebi maji ya nanaa na ukwaju hata ifike mdomoni. Mafuta yasipochemka vizuri inayanywa tu. Kila moja hugandamizwa kwa upawa ndani ya mafuta hadi itune. Sasa zidisha kwa mamia, kila siku, kabla ya jioni.

Sheria ya wachuuzi ya 2014 inataka theluthi ya wawakilishi wa wachuuzi kwenye kamati za miji wawe wanawake. Sawa, lakini humtazama anayeuza, si anayesukuma nyumbani.

Ushirika wa Lijjat wa Mumbai, ulioanza 1959 na wanawake 7 na mkopo wa rupia 80, ulilipatia tatizo hilo jibu kwenye papadi, vimkate vyembamba vikavu: wanawake wanasukuma nyumbani, wanalipwa kwa kilo, na wao ndio wenye mali. Puri nazo zihesabiwe kwa mia na kulipwa kabla mkokoteni haujaondoka.

Wapishi wa vitafunio