Kaka, walete watoto Mkunazini

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Simu ya juzi ilikatika pabaya. Nilikwambia ukija Unguja na watoto likizo hii tuwapeleke kanisa la Mkunazini, lile kanisa kuu la Anglikana la Mji Mkongwe, ukanijibu kwa mkato, "Sisi kanisani tuna nini?" Hapo hapo salio likakwisha. Naandika hadharani kwa kuwa najua si wewe peke yako unayejibu hivyo.

Na mimi siwezi kukucheka. Miaka yote nimepita nje ya ukuta ule nikitoka Darajani, kikapu mkononi, sijawahi kugeuza shingo. Nimeingia mwezi uliopita tu, tena kwa sababu mgeni wa kazini aliniomba nimsindikize. Nikatoa kitambulisho dirishani kukata tiketi, kama mgeni kwenye mtaa wangu mwenyewe.

Soko la watumwa lilikuwa pale pale. Juni 1873 Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alitia saini mkataba na Waingereza, huku wakimtishia kwa manowari zao, soko likafungwa. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Aliyelisimamia ni mmisionari wa Kiingereza, Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata akawa askofu. Paa alilimimina kwa saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, watu wakawa wanangoja liporomoke, na mpaka leo lipo. Watoto watazipenda nguzo zilizo karibu na mlango: zimesimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha yeye akiwa safarini, aliporudi akaziacha. (Fundi wa Unguja ni yule yule tangu zamani.)

Mbele ya altare pana duara la marumaru sakafuni, limezungushiwa rangi nyekundu. Wanasema ndipo ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Mgeni wangu alipiga picha akaendelea. Mimi miguu ilikataa.

Nilimkumbuka bibi. Unakumbuka tulivyokuwa tukimuuliza mama yake katoka wapi? "Bara." Bara wapi, bibi? Mara tunatumwa maji. Kila tukiuliza, tunatumwa maji. Wewe ukaacha kuuliza kabla yangu, nadhani kwa sababu ndiwe uliyekuwa ukibeba ndoo kubwa.

Najua utasema hiyo ni hadithi ya wazungu ya kujisifu na kututukana. Ya kujisifu, sikatai. Mtembezaji wetu aliieleza kana kwamba siku soko lilipofungwa utumwa nao ulikwisha, wala haikuwa hivyo. Watu waliendelea kuwa watumwa mashambani, Unguja na huko kwenu Pemba, wakichuma hiyo hiyo mikarafuu unayonisifia kila msimu. Mpaka 1897 ndipo sheria ilipoacha kuutambua utumwa, na Waingereza wenyewe walikuwa wameshaiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890. Hata vile vyumba vya chini wanavyoingizwa watalii wakiinama, wapo wanahistoria wasemao vilijengwa baada ya soko kufungwa, viwe stoo za hospitali ya misheni. Nilivyoingia nilikosa pumzi vile vile.

Lakini ya kututukana, hapana. Misheni ya kina Steere ilipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja alikuja kuitwa John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Yupo na Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, akapewa upadri mwaka 1890. Swedi, kaka! Majaliwa! Ukiyaita majina hayo Wete sasa hivi, utaitikiwa na wangapi? Watu kama hao ndio waliosali mle, wakajifunza kupanga herufi kwenye matbaa ya misheni, na Kiunguja chetu kikatiwa vitabuni. Steere mwenyewe kazikwa nyuma ya altare, alikufa 1882. Ndani nilisoma majina ya wazungu ukutani mpaka shingo ikauma. La mtu wa bara aliyepita pale sokoni akiwa na bei, sikuliona.

Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Minyororo ya shingoni ni ya kweli, ya zama zile. Wale hawana majina kabisa. Mmoja wa kike, nilivyomtazama upande, nikaona kama namfahamu. Labda ni jua.

Skuli watoto wako watafundishwa mwaka, wataandika kwenye mtihani, basi. Mtembezaji atawapa hadithi yake. Mimi nataka siku watakaposimama kwenye lile duara awepo mtu wa kwao kando yao, wakiuliza "na sisi je?" wasitumwe maji. Sina jibu la kuwapa. Nitawaambia bibi alisema bara, na kwamba tulimuuliza mara nyingi.

Kusali hakuna atakayekuomba. Kama moyo hautaki, kaa kibarazani nje unywe kahawa, sisi tutaingia.

Boti ikifika Malindi nipigie, ila weka salio safari hii. Pweza nitampika usiku, tukisharudi.

Nduguyo wa Unguja