Kama etha ingekuwepo, Dunia ingesimama?

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: kama anga lingejaa etha, kile kitu kisichoonekana ambacho wanasayansi wa zamani walidhani ndicho kinachobeba mwanga, mbona sayari hazijachoka zikasimama?

Nianzie pale ulipoteleza, maana na mimi niliteleza papo hapo. Unaiona etha ikiikwaza Dunia, kasi ikipungua mpaka mwendo unakoma. Lakini kitu kinacholizunguka Jua hakisimami hivyo. Kikikwazwa kidogo, kinashuka kuelekea Jua, na kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyokwenda mbio zaidi. Mzunguko unafupika! Mwanafalaki Johann Franz Encke aliliona jambo hilo kwenye nyotamkia ambayo leo ina jina lake. Huzunguka kwa miaka 3.3 hivi, na kila mara ilirudi mapema kwa kama saa 2 na nusu. Akasema ni ukinzani wa kitu chepesi kilichotanda angani. Hoja hiyo naipenda mpaka leo, ingawa haikuwa etha. Mwaka 1950 mwanafalaki Fred Whipple alieleza kuwa barafu ya nyotamkia ikipata joto la Jua hufuka gesi, na gesi hiyo huisukuma kama roketi. Tena nyotamkia ya Halley huchelewa, siku 4 hivi kila mzunguko. Ukinzani hauwezi kuichelewesha nyotamkia namna hiyo.

Sasa tuseme etha haina mnato, yaani ule uzito wa kunata kama wa asali, hata chembe. Hapa ndipo utamu ulipo. Mwanahisabati Jean le Rond d'Alembert alionyesha mwaka 1752 kwamba kitu kikienda kwa kasi ileile ndani ya kimiminika cha aina hiyo, hakikinzwi kabisa. Kinachobaki ni pale unapobadilisha mwendo. Jana nilijaza beseni maji, nikazamisha kiganja kikiwa wima, nikakisukuma ghafla. Mkono ukawa mzito, kwa sababu ilibidi niyaanzishe na maji yaliyo mbele yake. Kisha nikausimamisha ghafla: maji yakaja kwa nyuma, yakausukuma mbele! Maji yana mnato, najua, lakini msukumo ule wa nyuma si mnato. Ni maji yaliyokwisha kupata mwendo.

Kwa hiyo etha kamilifu isingepunguza kasi ya kitu chochote. Ingekifanya kila kitu kiwe kigumu kuanza na kigumu kusimama, na sisi tungeuita ugumu huo tungamo (masi) la kitu chenyewe, tusishuku lolote.

Basi kwa mwendo wa vitu etha isingeonekana; ilibaki kuitafuta kwenye mwanga. Wanasayansi Michelson na Morley walijaribu mwaka 1887, Dunia ikilizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde: waligawa mwanga mara mbili, wakaupeleka pande mbili, kisha wakaukutanisha tena ukafanya milia ya mwanga na giza. Kama etha ingekuwepo, walitarajia milia hiyo isogee kwa 0.4 ya upana wa mlia mmoja. Walichokiona hakikufika hata sehemu ya ishirini ya hiyo.

Jaza beseni na wewe, halafu uniandikie kiganja chako kimesikia nini pale unapokisimamisha.

Wako akupendaye.